Kugonga au kuzungusha tu: kutoboa ukuta wa tofali la kuchoma kwa drili ya nyumbani

Drili nyingi za umeme zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani zina kitufe kidogo cha kusogeza chenye picha mbili, upande mmoja biti na upande wa pili nyundo. Kikiwa kwenye biti, mashine huzungusha tu. Kikiwa kwenye nyundo, huzungusha huku ikigonga. Watu wengi hukisogeza kwenye nyundo siku ya kwanza na hawakirudishi tena, kwa hoja inayoonekana haina kasoro: ukuta ni mgumu, basi nyundo itasaidia. Kwa nyumba za matofali ya saruji hoja hiyo ina ukweli mwingi. Kwa nyumba zetu za Nyanda za Juu Kusini, ambako kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Tukuyu kuta nyingi ni za tofali la kuchoma, hoja hiyohiyo ndiyo chanzo cha matundu mapana, fisha (vile vizibo vya plastiki vya kushikia skrubu) zinazochezacheza na rafu zinazoanguka usiku watu wakiwa wamelala.

Nilijifunza jambo hili kwa aibu, nyumbani kwa shangazi yangu, huko Uyole jijini Mbeya. Alitaka vitu viwili: rafu ya vikombe jikoni, ambako ukuta haujapigwa plasta, na bomba la pazia juu ya dirisha la sebuleni. Nilikwenda na drili ya wati 600, biti moja ya ukuta ya milimita 8, na kitufe kikiwa kwenye nyundo. Jikoni biti ilizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, na nilipoichomoa, kipande cha tofali chenye ukubwa wa kifuniko cha soda kilianguka pamoja nayo. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Mwanangu," akasema, "umekuja kuniwekea rafu au kunifungulia dirisha lingine?" Sebuleni mambo yakageuka. Kwa mashine ileile, biti ileile na kitufe kikiwa palepale, nilisukuma mpaka mikono ikatetemeka na biti ikaanza kunuka moto, lakini tundu halikuzidi kina cha ukucha. Ndani ya saa moja, katika nyumba moja, ukuta mmoja ulilika kuliko nilivyotaka na mwingine ukakataa kabisa.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauwezi kuanza na mashine. Unaanza na ukuta.

Ukuta una nini ndani

Tofali la kuchoma la huku kwetu kwa kawaida halitoki kiwandani. Hufyatuliwa kwa mkono, hukaushwa juani, hupangwa pamoja na wenzake kuwa tanuri lenye vichochoro vya moto chini, kisha huchomwa kwa kuni, au kwa pumba kule kwenye mpunga mwingi kama Kyela na Mbarali. Moto wa tanuri la namna hiyo hauyafikii matofali yote sawasawa. Yaliyopakana na vichochoro huiva kupita kiasi, yakawa na rangi iliyokolea na mengine yakang'aa usoni kama yaliyopakwa kioo. Yaliyo katikati huiva vizuri. Yaliyo ukingoni hubaki na rangi ya chungwa iliyofifia, na ndani yake hayajatofautiana sana na udongo uliokaushwa juani. Fundi mwashi makini huyatenga, lakini tofali likishalipiwa aghalabu hupatiwa mahali. Ndiyo maana katika ukuta mmoja unaweza kukuta matofali mawili yaliyopakana, moja likihitaji subira na jingine likitobolewa karibu kwa kidole.

Kwenye ukuta usiopigwa plasta, gonga tofali kwa mpini wa bisibisi kabla ya kupima chochote. Lililoiva hulia kwa sauti kali; lisiloiva hutoa sauti iliyofifia, kama mtu aliyegonga gunia la mahindi. Likiwa limejengewa sauti hupungua, lakini ukigonga matofali matano mfululizo sikio lenyewe litachagua. Ukuta wenye plasta hauruhusu kipimo hicho, na hapo msaada mkubwa ni vumbi. Toboa tundu la kujaribia kwa biti nyembamba, ya milimita 5, bila kugonga, na uweke karatasi nyeupe chini yake. Vumbi la kijivu linalotoka kwa sentimita moja na nusu hivi kisha likageuka jekundu linakuambia umepita plasta na umeingia kwenye tofali. Vumbi la kijivu lisilobadilika, huku biti ikienda kwa shida, ni tofali la saruji au lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Vumbi la kahawia linalotoka kwa mabongebonge, na biti ikazama ghafla, ni tope la kiungo kati ya tofali na tofali, na hapo usiendelee. Sababu yake nitaieleza mbele.

Nyumba ya tofali mbichi naiweka kando ya ulinganisho huu. Ukuta wake haushiki fisha ya aina yoyote kwa uzito wa maana, na ni heri kutundika vitu kwenye mbao za kenchi kuliko kuuchokoza.

Kuzungusha tu na kugonga, kwenye tofali lilelile

Ndani ya drili ya kugonga ya nyumbani kuna visahani viwili vya chuma vyenye meno; kimoja kimefungwa kwenye mwili wa mashine na kingine kwenye mhimili unaozunguka. Kitufe kikiwa kwenye nyundo na mtu akisukuma, meno ya visahani hivyo hupanda juu ya mengine na kuanguka, mfululizo, kwa kila mzunguko. Mashine inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, yenye meno 16, hugonga mara 48,000 katika dakika hiyo moja. Ni mapigo mengi mno na kila moja ni dogo mno, na nguvu yake hutoka kwenye mkono wa anayeshika: asiposukuma, meno hayakutani na hakuna kinachogongwa.

Mapigo hayo yalikusudiwa kuponda kokoto na mchanga ulioshikwa na saruji. Tofali la kuchoma halina kokoto. Ni udongo ulioiva, na ncha ya biti ya ukuta, ambayo ni kipande cha kabidi ya tangsteni kilichochomelewa kwenye chuma, inaweza kuukwangua udongo huo bila msaada wa nyundo. Pigo likiongezwa, nguvu isiyohitajika haipotei bure. Huenea pembeni, humega midomo ya tundu, hulegeza plasta inayozunguka, na kwenye tofali ambalo halikuiva hulipanua tundu lenyewe, kwa sababu biti inayotetemeka huzikwaruza kuta zake huku na huku. Tundu lililokusudiwa kuwa la milimita 8 huweza kuishia karibu na 10, na hapo fisha ya 8 huingia kwa kidole na kutoka kwa kidole.

Kwa upande wa muda, kugonga kunashinda, nami sina sababu ya kukana. Kwa mkono wangu, tundu la sentimita 5 kwenye tofali lililoiva vizuri huchukua karibu dakika moja kwa kuzungusha tu, na kama nusu ya muda huo kwa kugonga. Lakini nyumba inayohitaji matundu manane kwa siku nzima haina haraka ya kuokoa dakika nne. Kwa upande wa usafi wa tundu, kuzungusha tu kunashinda kwa mbali. Kelele nazo si jambo dogo kwa wanaoishi vyumba vya kupanga: drili inayogonga huusafirisha mtetemo ndani ya ukuta mpaka kwa jirani, na kama plasta ya jirani ni ya tope, picha zake zitakuwa za kwanza kulalamika.

Biti huchakaa kwa njia tofauti. Ikizungushwa kwa kasi kubwa kwenye kitu kigumu bila kugonga, haikwangui bali inasugua tu, na joto la msuguano hupanda mpaka ncha ikabadilika rangi kuwa ya bluu. Hapo kile kilichoishikilia kabidi huweza kulegea na ncha ikang'oka. Kuitumbukiza kwenye maji ikiwa imewaka ni kosa lingine, kwa sababu kabidi ni ngumu lakini hupasuka kwa mshtuko wa joto. Iache ipoe yenyewe, na wakati wa kutoboa uichomoe kila baada ya sekunde kumi hivi ili ivute vumbi nje. Vumbi lililobanwa ndani ya tundu ndilo linaloipasha biti moto, na ndilo linalomdanganya mtu kwamba ukuta umekuwa mgumu.

Uamuzi wangu kwa tofali la kuchoma ni kuanza bila kugonga, kila mara, kwa mwendo wa polepole mpaka ncha ipate kikao chake, kisha kuongeza kasi. Kama nusu dakika ya kusukuma kwa kiasi imepita na vumbi jekundu limeacha kutoka, kuna uwezekano mkubwa kwamba nimekutana na tofali lililoungua kupita kiasi, na hapo ndipo nawasha nyundo, nikijua kwamba tofali hilo lina uwezo wa kuihimili. Kuwasha nyundo mapema juu ya uso wa namna hiyo, unaong'aa, hufanya biti iteleze na kuandika mstari ukutani.

Anayetoboa tundu la kutokea upande wa pili, labda la kupitishia waya wa dishi, azime nyundo sentimita tatu za mwisho hata kama alikuwa ameiwasha. Biti inayogonga hutoka nje kwa kulipasua tofali upande wa nyuma, na kovu lake huwa pana kama mdomo wa kikombe. Njia safi zaidi ni kupitisha kwanza biti nyembamba hadi nje, kisha kulipanua tundu kutoka pande zote mbili.

Lenta, na mashine nzito

Kilichonishinda sebuleni kwa shangazi hakikuwa tofali. Juu ya dirisha hupita lenta, yaani mkanda wa zege wenye nondo ndani, ambao katika nyumba nyingi huzunguka nyumba nzima na kwa kawaida huwa na kimo cha inchi 6 hadi 9. Ukipigiwa plasta hauonekani, na kwa bahati mbaya ndipo mahali ambapo kila mtu anataka kutundika pazia.

Kwa zege la namna hii kuna mashine ya aina nyingine, ile ambayo mafundi wengi huiita ya SDS. Haitumii visahani vyenye meno. Ndani yake kuna pistoni inayobana hewa na kukirusha kipande cha chuma kikapige kitako cha biti, mara 4,000 au 5,000 hivi kwa dakika katika mashine ndogo, kila pigo likiwa na nishati ya jouli 2 hadi 3. Mapigo ni machache kuliko ya drili ya nyumbani, lakini kila moja lina uzito, na mshikaji hahitaji kusukuma sana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa nyundo yake ya umeme mwaka 1932, na mkia wa biti wa SDS, wenye mifereji inayoiruhusu biti kwenda mbele na nyuma kidogo ndani ya mashine, ulikuja mwaka 1975. Biti hizo haziingii vizuri kwenye kichwa cha drili ya kawaida, na za kawaida haziingii kwenye mashine hiyo bila kichwa cha nyongeza, kwa hiyo anayenunua mashine hii ananunua na seti nyingine ya biti.

Je, inafaa kuwa nayo nyumbani? Kwa mtu mwenye nyumba ya matofali ya saruji na kazi nyingi, inafaa sana. Hufanya kwa sekunde kumi kile ambacho drili ya kugonga hukifanya kwa dakika kadhaa. Kwa nyumba ya tofali la kuchoma ambayo zege lake ni lenta pekee, naiona ni fedha iliyolala. Ikitumiwa kwenye tofali ikiwa inagonga, hulipasua. Nyingi zina hali ya kuzungusha tu, lakini zina uzito wa kilo 2 hadi 3 na hazilengi vizuri matundu madogo. Ni afadhali kumwita fundi mwenye nayo kwa matundu sita ya mapazia, au kuikodi kwa siku.

Kuna njia mbili nyingine za kuikwepa. Ya kwanza ni subira: drili ya kugonga, biti mpya ya milimita 5 kwanza na ya 8 baadaye, kusukuma kwa uzito wa mwili, kupumzisha mashine kila baada ya dakika moja. Inawezekana, nimewahi kuifanya, na siipendekezi kwa zaidi ya matundu mawili. Ukisikia mlio umebadilika kuwa wa chuma na biti haisogei hata kidogo, umeigonga nondo. Biti ya ukuta haikati chuma, basi sogea sentimita tatu pembeni. Ya pili ni kulipandisha bomba la pazia mpaka juu ya lenta, sentimita 25 au 30 kutoka kwenye ukingo wa dirisha, ambako tofali linaanza tena.

Ya waya na ya betri

Hapa sina maneno mengi. Kwa tofali la kuchoma, drili ya betri ya volti 12 au 18, hata isiyo na nyundo kabisa, hutosha, na huo ni unafuu ambao wakazi wa nyumba za zege hawana. Zile zilizoandikwa volti 20 kwa kawaida ni betri ileile ya volti 18, iliyopimwa ikiwa imejaa. Faida yake isiyotajwa sana ni kwamba unaweza kuzima swichi kuu ya nyumba wakati unatoboa, jambo ambalo mwenye drili ya waya hawezi kulifanya. Betri hata hivyo huzeeka hata isipotumika, na drili inayotoka kabatini mara mbili kwa mwaka ni heri iwe ya waya. Wanaohofia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wasihofu: mashine ya wati 600 ikifanya kazi dakika kumi mfululizo hutumia sehemu moja ya kumi ya uniti.

Kuhusu biti, iwe ya ukuta, yenye kichwa kipana kidogo kama mkuki butu. Ya mbao, yenye ncha ndogo katikati, itaharibika kwenye tofali la kwanza.

Katikati ya tofali au kwenye kiungo

Katika kuta zisizopigwa plasta mjadala huu hauishi, na pande zote mbili zina hoja. Wanaotoboa kwenye kiungo husema kwamba saruji huzibika kwa urahisi siku utakapohama, ilhali tofali lililotobolewa hubaki na kovu lake milele. Isitoshe, saruji ya kiungo mara nyingi ni laini, na kazi huwa nyepesi. Wanaotoboa kwenye tofali husema kwamba fisha inahitaji mwili mmoja usiogawanyika wa kuisukuma pande zote inapotanuka, na kiungo chembamba hakina mwili huo.

Kwingineko ningesema kila mtu achague. Huku kwetu kuna jambo linaloamua. Nyumba nyingi, hasa za zamani kidogo, zilijengwa kwa tope na kuzibwa saruji kwenye viungo kwa nje tu, ili mvua isivioshe. Ukitazama unaona kiungo cha saruji. Ukitoboa, baada ya sentimita mbili unaingia kwenye udongo. Fisha ikiwekwa humo itazunguka pamoja na skrubu, na uzito ukiwekwa itatoka na bonge la saruji kama jino bovu. Chukua msumari wa inchi 3 na uusukume kwenye kiungo mahali palipochubuka au nyuma ya nyumba: ukiingia kwa mkono, viungo vyako ni tope, na mjadala umekwisha. Toboa katikati ya uso wa tofali, mbali na kingo zake, kwa maana karibu na ukingo hata kuzungusha tu kunaweza kulimega.

Kama viungo ni vya saruji kweli, natoboa kwenye kiungo kwa picha, saa na vitu vyepesi, na kwenye tofali kwa rafu, kabati la ukutani na stendi ya runinga.

Cha kuweka ndani ya tundu

Fisha imechukua jina lake kwa Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni kizibo cha nailoni chenye kutanuka mwaka 1958. Kabla yake Mwingereza John Joseph Rawlings alikuwa ametengeneza kizibo cha nyuzi za juti mwanzoni mwa miaka ya 1910. Wazo ni lile moja: skrubu inapoingia hukitanua kizibo, nacho huubana ukuta. Kwa hiyo tundu likiwa pana kuliko fisha, skrubu haina cha kuibana hata ikiwa ndefu kiasi gani.

Fisha ya milimita 6 huwa na urefu wa milimita 30 na hupokea skrubu za unene wa 4 hadi 5. Ya milimita 8 huwa na urefu wa 40 na hupokea za 4.5 hadi 6. Tundu liwe na kina kinachozidi fisha kwa milimita 10, na kama kuna plasta, unene wake uongezwe juu ya hapo, maana fisha iliyoishia kwenye plasta imeshika rangi tu. Funga utepe mweusi wa mafundi umeme kwenye biti kuonyesha mahali pa kuishia. Kwenye tofali lisiloiva, anza na biti ya 5, kisha ya 7 ukiipata, na fisha ya 8 ipigwe taratibu iingie kwa kubanana. Kabla ya kuipiga, toa vumbi ndani ya tundu kwa pampu ya baiskeli, ukiwa umegeuza uso. Anayepuliza kwa mdomo atapuliza mara moja tu maishani.

Mafundi wa zamani walichimba tundu kwa tindo na kupigilia kigingi cha mbao, kisha skrubu ikaingia kwenye mbao. Nimeona vigingi vya namna hiyo vikishikilia makabati mazito bila kulegea, na kwa tofali lililomegeka tundu pana, kigingi ni suluhisho zuri kuliko fisha kubwa zaidi. Sharti lake ni mbao iliyokauka. Paini mbichi iliyotoka kupasuliwa hukauka ikiwa ndani ya ukuta, husinyaa na kulegea. Tena tofauti ya hali ya hewa huonekana: sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kigingi kwenye ukuta unaonyeshewa huvimba na kusinyaa kila msimu, ilhali Iringa mjini, penye chini ya nusu ya mvua hiyo, hukaa kimya miaka mingi. Kwa Tukuyu basi ningechagua fisha na skrubu zisizoshika kutu.

Msumari wa zege ni rahisi na wa haraka, na kwenye tofali la kuchoma ndio mbaya kuliko vyote. Hulipasua, au huteleza kando na kuruka, na kwa kuwa ni wa chuma kigumu kisichopinda, huweza kukatika na kurushia kipande usoni. Nauachia kalenda, kwenye ukuta wa saruji.

Kabla ya kuwasha

Vumbi la tofali na saruji lina chembe ndogo za mchanga ambazo zikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na fundi atoboaye kila siku asifanye kazi bila barakoa. Kwa matundu manne ya nyumbani, barakoa na miwani bado ni vya lazima. Bahasha iliyobandikwa ukutani chini ya tundu hupokea sehemu kubwa ya vumbi na kumwondolea mwenye nyumba hasira. Usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, wala kwenye mstari wa usawa unaoziunganisha, kwani huko ndiko waya hupita.

Kwa shangazi nilirudi Jumamosi iliyofuata. Lile tundu la jikoni nililiziba kwa saruji na mchanga laini, nikasogea kushoto mpaka tofali la tatu, ambalo mpini wa bisibisi ulilichagua, nikaweka kitufe kwenye biti. Tundu la 5, kisha la 8, vumbi jekundu laini kama la ulezi, na fisha ikakataa kuingia mpaka ilipopigwa nyundo mara tatu. Rafu ina vikombe kumi na viwili na birika la chuma. Bomba la pazia nililipandisha sentimita 30, likapata tofali zuri juu ya lenta, nikamaliza kabla chai haijapoa. Ila pazia sasa linaishia juu ya sakafu kwa kimo hichohicho, na shangazi amekwishanitumia bei ya kitambaa cha kuongezea pamoja na ujira wa fundi cherehani.